Kidonge cha asubuhi kingoje sindano

Jumatatu tena. Mama ameamka saa kumi alfajiri huko Rombo, akapanda Hiace ya kwanza kuja Moshi na kijana wake mwenye kifafa, apimwe kiwango cha dawa yake, kabamazepini, kwenye damu. Saa mbili kijana yuko kwenye kiti, mkono umefungwa mpira, mshipa umetuna. Nauliza amemeza dawa saa ngapi. "Saa kumi na mbili, ndani ya gari," anajibu mama, "ili ionekane kwenye damu."

Nikafungua mpira.

Neno hili nalisikia kila kliniki, na linachosha kwa sababu linaumiza watu. Hatupimi ili tujue kama umemeza. Tunatafuta dawa inashuka hadi wapi kabla ya dozi inayofuata, maana hapo ndipo kifafa hupata mwanya. Mipaka ya kabamazepini, miligramu 4 hadi 12 kwa lita ya damu (mg/L), tunaisoma kwa damu ya kabla ya dozi. Ukimeza kwanza, tunapima dawa inayopanda: kijana ambaye kiwango chake kiko chini ataonekana yuko sawa, daktari ataacha dozi ilivyo, naye ataendelea kuanguka jikoni karibu na moto. Litiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, hupimwa baada ya kusubiri saa 12 tangu dozi ya mwisho. Digoksini, dawa ya moyo, angalau saa 6, kwa kuwa huchelewa kutoka kwenye damu kwenda kwenye misuli ya moyo. Ukiwahi, namba itakutisha bure.

Sisemi uache dawa! Ya jioni meza saa yako ileile. Ya asubuhi ifunge kwenye pindo la khanga au weka mfuko wa shati, uje nayo, na sindano ikitoka tu, meza. Andika kwenye karatasi saa uliyomeza mara ya mwisho. Ndugu zangu wa wodini, nanyi pia: fomu isiyo na saa hainisaidii kitu.

Mengine ni mafupi. "Dozi imepandishwa juzi, tupime leo." Hapana. Fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, huchukua karibu siku 4 kupungua nusu tu, kwa hiyo subiri wiki 2 hadi 3 kiwango kitulie.

"Kiwango kiko chini, ongeza dozi mara mbili." Kwa fenitoini, nayo dawa ya kifafa, hiyo ni hatari. Ini likishalemewa, nyongeza ndogo hurusha kiwango juu, na mgonjwa anaanza kuyumba kama mlevi, macho yakichezacheza.

"Kiwango kiko ndani ya mipaka, basi dawa inafanya kazi." Namba haijui kama mtoto alianguka jana. Muulize mama yake.

Yule kijana alirudi Alhamisi, kidonge kikiwa kwenye pindo la khanga ya mama. Damu ilisoma 3.1. Daktari akapandisha dozi.