Jasho Si Mafuta: Dhana Zinazowakatisha Tamaa Wanaotaka Kupungua

Wengi wanaofika kwa wataalamu wa lishe wakiwa wamekata tamaa si wavivu. Wamekimbia, wamejinyima, na sasa wanadhani miili yao ina kasoro. Mara nyingi kasoro iko katika mambo waliyoambiwa kabla hawajaanza.

Tuanze na jasho, kwa sababu hapa kuna hatari ya kweli. Wapo wanaojifunga nailoni tumboni au kukimbia wakiwa na makoti mazito wakiamini mafuta yatayeyuka. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Kilo moja uliyoipoteza kwa kutoka jasho itarudi ukishakunywa maji ya kutosha. Ukilizuia jasho lisikauke, joto la mwili linaweza kupanda hadi uzimie, na kuna waliokufa kwa namna hiyo. Mafuta hayayeyuki, mwili huyavunjavunja ili upate nishati, na mabaki yake ni hewa ya kaboni dioksaidi na maji. Kilo 10 za mafuta zikitumika zote, takriban kilo 8.4 hutoka kwa njia ya pumzi. Hata hivyo, kuhema tu bila kazi hakupunguzi chochote: lazima mwili uyatumie mafuta hayo kwanza.

Mazoezi ya tumbo nayo huimarisha misuli ya tumbo, lakini hayachagui kuchoma kitambi. Damu huyachukua mafuta kutoka kwenye akiba za mwili mzima. Wapi yaanze kupungua, hilo huamuliwa zaidi na urithi, jinsia na umri.

Kuhusu chakula, wanga umesingiziwa mengi. Mtu akiuacha ghafla, uzito hushuka haraka wiki ya kwanza, naye hushangilia. Kilichopungua zaidi ni glaikojeni, yaani akiba ya sukari kwenye ini na misuli, ambayo kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Akirudia wanga, maji hayo hurudi, naye huamini amenenepa upya. Gramu moja ya wanga ina kilokalori 4 (kilokalori ni kipimo cha nishati), ya mafuta 9; linaloamua ni jumla ya unachokula na unachotumia.

Kinachonisikitisha zaidi ni watu kuacha mazoezi kwa sababu mizani haisogei. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, ilhali nusu saa ya kutembea kwa kasi hutumia kama 150 hivi. Soda moja inaweza kuzirudisha zote. Kwa hiyo mazoezi peke yake hupunguza uzito polepole, lakini hushusha shinikizo la damu, huusaidia mwili kutumia vizuri insulini, yaani homoni inayodhibiti sukari ya damu, na huboresha usingizi, hata kama uzito haujabadilika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hayo ya misuli yasipuuzwe na anayepunguza chakula, kwani bila hayo hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mgonjwa anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu amwone mhudumu wa afya kabla ya kubadili mlo, maana huenda dozi ikahitaji kurekebishwa.