Wi-Fi chaneli 1, Zigbee chaneli 25, na bado hazisikilizani

Wiki hii nimeletewa tena bodi ya saketi ya namna ile ile. Chipu ya Wi-Fi huku, ya Zigbee (redio ya vihisi na vifaa vidogo vya nyumbani) kule, antena zimeachana vidole viwili, na waya wa kuziunganisha chipu hizo hakuna hata mmoja. Nikamuuliza mwenye bodi kulikoni. Akajibu: "Chaneli ni tofauti kabisa, zitagongana wapi?"

Zinagongana ndani ya kipokezi, ndugu yangu! Chujio la mlangoni linapitisha bendi nzima, MHz 2400 hadi 2483.5. Chaneli inakuja kuchaguliwa huko ndani, na huko ndani umeshachelewa. Piga hesabu. Wi-Fi inatuma kwa dBm 20 (dBm hupima nguvu ya mawimbi, dB hupima tofauti yake; kila 10 ni mara kumi). Antena za bodi ndogo zikikupa utengano wa dB 20, shukuru. Basi mlangoni mwa Zigbee panafika dBm 0, wakati yenyewe inatega sikio kwa kihisi kinachonong'ona kwa dBm −80. Hiyo ni tofauti ya dB 80, mara milioni 100. Kikuzaji cha kwanza kinalemewa, redio inakuwa kiziwi kwenye chaneli zote. Na usiniambie Bluetooth, nayo ya bendi hii hii, inajirukia yenyewe kutoka chaneli hadi chaneli. Ni kweli, tangu toleo 1.2 la mwaka 2003 inakwepa chaneli zenye fujo, na Wi-Fi ya jirani inaikwepa vizuri tu. Hii iliyo bodi moja nayo itaikwepea wapi?

Dawa ni zipeane zamu. Waya tatu: ombi, kipaumbele, ruhusa. Zigbee inaomba, inasema kama ni jambo la haraka, Wi-Fi inanyamaza na kutoa ruhusa. Rahisi.

Rahisi mpaka ufike kwenye ruhusa. Chipu nyingi huitoa kwa kushusha waya, si kuupandisha. Niliwahi kuwa na bodi ambayo upande mmoja uliwekwa hivi na mwingine vile, ikawa Bluetooth inasema pale tu Wi-Fi inapokatalia. Siku mbili nilihangaika na antena zisizo na kosa. Nilipogusa ule waya kwa osiloskopu, kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka, dakika tano zikatosha.

Sasa lile linalonisumbua mwenyewe. Kutuma unakupanga, kupokea hakupangiki. Zigbee haijui kuna pakiti inayokuja mpaka isikie utangulizi wake, na utangulizi ni baiti 5, mikrosekunde 160. Wi-Fi ikiwa katikati ya kutuma, hata huo hausikiki, kwa hiyo ombi lenyewe halipandi. Ukiipa Zigbee kipaumbele cha juu muda wote, Wi-Fi inakatizwa hovyo, haipati majibu ya pakiti zake, inadhani mawimbi ni dhaifu na kushusha kasi. Kasi ikishuka pakiti zinarefuka, hewa inajaa kuliko mwanzo. Mpaka leo kipaumbele nakipanga kwa kujaribu na kurudia, na mpango uliofaa bodi moja umeniangusha kwenye nyingine.

Ile bodi nimeirudisha ikiwa na mistari mitatu ya kalamu nyekundu. Nimesahau kumchorea mwenyewe rezista ya kuushikilia waya wa ruhusa chini wakati Wi-Fi imezimwa. Bila hiyo waya unaelea na Zigbee inaweza kusubiri ruhusa ya chipu iliyolala. Acha nimwandikie kabla hajatuma kiwandani.