Sindano ya kuotesha gegedu na dhana nyingine zinazowagharimu wenye maumivu ya viungo

Siku hizi mtu mwenye goti linalouma akifika kliniki ya fiziotherapia, mara nyingi haulizi afanye nini. Ameshaamua. Anataka PRP (sindano inayotengenezwa kwa damu yake mwenyewe), au seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), au "ile mashine ya mawimbi". Ameona video, amesikia habari za shemeji yake aliyetibiwa nje ya nchi, na kitu anachokiogopa kuliko vyote ni kisu. Kliniki binafsi zimeuona uhitaji huu na zinauitikia, nyingine kwa uangalifu, nyingine kwa mabango makubwa kuliko ushahidi. Simlaumu mgonjwa hata kidogo. Maumivu ya miaka mitatu yanamchosha mtu, na neno la matumaini lina bei yake. Ninachokitaka ni ajue analipia nini kabla hajatoa pesa.

"Damu yangu mwenyewe itaotesha gegedu lililolika"

Gegedu ni ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Tuanze na jinsi PRP inavyofanyika. Unatolewa damu mkononi kama anayekwenda kupima wingi wa damu, ila kiasi ni kikubwa kidogo. Mrija unawekwa kwenye mashine inayouzungusha kwa kasi kwa dakika kadhaa. Ukitolewa, damu imejitenga: chini nyekundu nzito, katikati utando mwembamba mweupe, juu majimaji ya manjano. Sehemu ya manjano iliyo karibu na utando ndiyo yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu ukijikata. Chembe hizo hubeba protini zinazoziita seli nyingine zije kukarabati jeraha. Majimaji hayo yanavutwa kwa bomba la sindano na kuingizwa kwenye goti. Hiyo ndiyo PRP.

Wazo lenyewe lina mantiki. Tatizo ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu, seli zake ni chache, na chakula chake hukipata kutoka kwenye ute wa kiungo, ambao husukumwa ndani na nje kila unapokanyaga na kunyanyua mguu. Ni tishu inayojitengeneza kwa shida sana. Je, chembe sahani zinaweza kulibadilisha hilo?

Swali hilo lilijaribiwa vizuri Australia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021 katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani. Watu 288, wa miaka 50 na zaidi, wenye magoti yaliyosagika kwa kiwango kidogo au cha wastani, walichomwa sindano tatu, moja kila wiki. Kundi moja lilipewa PRP, jingine maji ya chumvi, na hakuna mgonjwa aliyejua kapewa ipi. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, waliopata PRP walikuwa wameshuka kwa 2.1 na waliopata maji ya chumvi kwa 1.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa na maana kitabibu. Kwenye picha za MRI, gegedu lilikuwa limepungua kwa asilimia 1.4 upande wa PRP na asilimia 1.2 upande wa maji ya chumvi. Hakuna kundi ambalo gegedu liliongezeka.

Liangalie tena lile kundi la maji ya chumvi, maana ndilo linaloeleza shuhuda zote unazozisikia. Nao walipata nafuu. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na mtu hutafuta tiba yanapokuwa kileleni, kwa hiyo wiki zinazofuata mara nyingi huwa afadhali hata bila dawa. Ongeza kusikilizwa vizuri, kushikwa goti na mtaalamu, na imani kwamba safari hii itakuwa dawa. Shemeji yako hadanganyi anaposema amepona. Ila nafuu yake haituambii kama ni chembe sahani zilizoileta.

Kuna majaribio mengine, mengi yakiwa madogo, yanayoonyesha PRP ikipunguza maumivu ya goti kwa miezi kadhaa, ndiyo maana mjadala haujaisha. Mwongozo wa 2019 wa American College of Rheumatology, chama cha madaktari wa viungo wa Marekani, unapinga kwa nguvu PRP kwa goti na nyonga zilizosagika. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, mwaka huohuo ilisema haioni wasiwasi mkubwa wa usalama kwa goti lakini ushahidi wa kufanya kazi ni hafifu, hivyo itolewe kwa utaratibu maalumu, mgonjwa akielezwa wazi na matokeo yakifuatiliwa. Kama kliniki yako inakuambia hivyo na wewe bado unataka kujaribu, huo ni uamuzi wako wa mtu mzima. Ikikuambia gegedu litaota, ondoka.

"Ute wa magoti umekauka, unatakiwa uongezwe"

Hii imeenea mno, hasa Tanzania, na ndiyo inayowafanya watu wanywe maji ya bamia asubuhi na jioni. Bamia ni mboga nzuri, endelea kula. Lakini mlenda wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hausafiri kwenda gotini.

Kliniki nazo zina toleo lao la dhana hii, la bei kubwa zaidi: sindano ya asidi ya hayaluroniki, kitu kinachoufanya ute wa kiungo uwe mzito, inayouzwa kama "kuongeza grisi". Ni kweli ute wa goti lililosagika huwa mwepesi kuliko kawaida. Ila si kwamba umeisha. Mara nyingi goti la namna hiyo lina majimaji mengi kupita kiasi, ndiyo maana linavimba na watu wanasema "limejaa maji". NICE, katika mwongozo wake wa Oktoba 2022, inasema sindano hizi zisitolewe kwa ugonjwa huu. Ule mlio wa "kra kra" unapochuchumaa nao hauonyeshi ukavu. Kama hauna maumivu wala uvimbe, hauhitaji tiba.

"Seli shina ni za asili, haziwezi kudhuru"

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu pesa ni nyingi na watu wanauza viwanja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa maumivu ya magoti, mgongo au mabega. Mwaka 2018 wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu cha watoto wachanga. Wachunguzi walipopima vichupa ambavyo havijafunguliwa, walikuta bakteria humo ndani.

Na faida? Utafiti uliochapishwa 2023 katika Nature Medicine ulilinganisha tiba tatu za seli, kutoka uboho, mafuta ya mwilini na kitovu, na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa goti lililosagika. Washiriki walikuwa 475. Baada ya mwaka, hakuna hata moja iliyoishinda steroidi.

Tiba halisi ya seli za gegedu ipo. Madaktari wa Sweden waliieleza mwaka 1994: seli za gegedu la mgonjwa huchukuliwa, hukuzwa maabara, kisha hurudishwa kwenye shimo lililo gotini. Inafaa kwa tundu lenye mipaka, kwa mfano la mchezaji aliyeumia, wala si kwa goti zima lililosagika. Na hufanywa kwa upasuaji. Anayekimbia kisu hawezi kuipata kwa sindano ya dakika tano.

"Mawimbi ya mshtuko yanavunja mwiba wa kisigino"

Mashine hii ilizaliwa kutokana na ile ya kuvunja mawe ya figo, iliyotumika kwa binadamu mara ya kwanza Munich mwaka 1980, na huenda dhana imetoka huko. Mwiba, yaani kile kimfupa kinachoota chini ya kisigino, hauvunjiki, na wala hauhitaji kuvunjika. Wengi wanao na hawaumwi. Tiba hii ina ushahidi wa wastani kwa maumivu sugu ya unyayo, pale mazoezi na viatu vizuri vimeshindwa. Inauma, haipasui, na haijengi mfupa wala kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) mpya.

"Nikishachomwa sindano, mazoezi ya nini?"

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inamnyima mgonjwa kitu chenye ushahidi mzuri. Kano hubadilika kwa kubebeshwa mzigo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake, Sweden, waliwapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino zoezi moja: simama ukingoni mwa ngazi, visigino vikining'inia, panda kwa mguu usiouma, kisha shuka polepole kwa mguu unaouma peke yake. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, tatu likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku, hata kama panauma kiasi. Wote 15 walirudi kukimbia. Utafiti ulikuwa mdogo, na leo tunajua mazoezi mengine ya uzito nayo yanafaa, lakini njia ni ileile. PRP kwa kano hiyohiyo ilipojaribiwa Uingereza kwa watu 240, matokeo ya 2021 hayakuonyesha tofauti na sindano ya kuigiza isiyo na dawa.

Kwa goti, nguvu ya misuli ya paja na uzito wa mwili ndiyo mambo makubwa. Kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Denmark tangu 2013 ina programu iitwayo GLA:D: vipindi vichache vya elimu na 12 vya mazoezi chini ya msimamizi. Haina mashine inayong'aa, ndiyo maana ni vigumu kuitangaza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza: nani atakayechoma na amesomea wapi hasa kuchoma kiungo? Jumla ni sindano ngapi na shilingi ngapi? Mpango wa mazoezi uko wapi? Ukiwa Kenya, angalia kama mtaalamu amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya 2014.

"Upasuaji ni kwa walioshindwa"

Mwaka 2015 watafiti wa Denmark waliwagawa wagonjwa 100 waliostahili kubadilishwa goti. Nusu walifanyiwa upasuaji pamoja na mazoezi, nusu mazoezi na huduma nyingine bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, ingawa pia madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwao. Kwa upande wa pili, 13 kati ya 50 waliamua kupasuliwa ndani ya mwaka. Waliobaki waliendelea bila kisu. Matokeo hayo yanamheshimu mgonjwa wa kila upande.

Yapo mambo ambayo kliniki ya fizio haipaswi kuyashika hata siku moja. Kano iliyokatika kabisa, mkono usionyanyuka tangu ulipoanguka, mguu uliopoteza nguvu pamoja na kushindwa kuzuia mkojo: vyote ni vya hospitali. Na goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, lenye homa, hasa baada ya kuchomwa sindano yoyote, lipelekwe siku hiyohiyo. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache tu.