Tarehe 11 Novemba haikumaliza vita Afrika Mashariki

Kila 11 Novemba, Uingereza na Ufaransa hukumbuka wanajeshi waliofia vitani, na Marekani huwaenzi wote waliowahi kutumikia jeshi. Kutokana na siku hiyo, wengi huamini kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilikoma kila mahali mwaka 1918, saa 5 asubuhi ya tarehe hiyo.

Sivyo. Saa ile ilinyamazisha bunduki za Ulaya magharibi tu. Huku kwetu, kikosi cha Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, ambacho wengi wa askari wake walikuwa Waafrika, kilikuwa kimevuka na kuingia Zambia ya leo na kuuteka mji wa Kasama. Habari za kusitisha vita zilimfikia tarehe 13. Alikabidhi silaha rasmi tarehe 25 Novemba huko Abercorn, sasa Mbala.

Siku hizo 14 si jambo dogo. Katika vita hivi wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Kumbukumbu inayoishia tarehe 11 inawaacha nje, na hilo si haki.