Eti lugha ya kubuni kwenye filamu ni kubwabwaja tu?

Hapa Kampala mtu akiandika stori ya viumbe wa sayari ingine, swala la lugha linaisha kwa sentensi moja: waongee ovyo tu, tafsiri ya chini itaeleza. Hiyo ndo dhana inayoniuma kuliko zote. Mtazamaji haelewi maneno, sawa, lakini sikio lake linashika, adui akisalimia hivi sini hii na vile sini ingine, kibanda kizima cha video kinacheka mahali walitakiwa kuogopa.

Mtaalamu wa lugha Marc Okrand alipotengeneza Kiklingoni, lugha ya viumbe wapiganaji wa filamu ya Star Trek ya 1984, alichukua sauti chache zilizosikika kwenye ile ya 1979 akazijengea sheria, na mpangilio akaugeuza kabisa: anayetendewa anatangulia, kitenzi kinafuata, mtendaji anakuja mwisho. Paul Frommer naye, mtaalamu mwingine wa lugha, kwenye Kina'vi, lugha ya wale viumbe wa bluu wa Avatar ya 2009, alama za wakati alizichomeka ndani ya mzizi wenyewe. Taron ni winda, tolaron amewinda, tayaron atawinda. Sisi kwa Kiswahili na Luganda viambishi vingi vya wakati tunaviweka kabla ya mzizi, kwa hiyo hii kazi tunaielewa vizuri sana, hatuna sababu ya kuiogopa.

Eti basi chukua lugha ya kijijini ambayo wazungu hawaijui. Hapana bana! Kwenye Return of the Jedi, ile Star Wars ya 1983, kuna rubani wa sayari ingine anaitwa Nien Nunb, sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, na mistari aliisema kwa Kikikuyu. Jirani zetu Kenya wanaojua Kikikuyu wakamwelewa. Sasa wewe leo pachika Kilugbara kwa mdomo wa zimwi halafu mtu wa Arua aione kwenye simu yake, asikie lugha ya mamake imefanywa mngurumo wa mnyama, utamwambia nini?

Kuna wanaodhani pia lugha ya Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Black Panther, ilitungwa. Ile ni Kixhosa cha Afrika Kusini, ilianza na mzee John Kani, akta wa huko huko, kwenye Captain America: Civil War ya 2016, ikaendelea kwa Black Panther 2018, na pale wanaongea watu wenye heshima zao, hiyo ni tofauti kabisa.

Eti lazima uwe na kamusi nzima. Unahitaji maneno ya skripti na sheria zinazozaa mengine, basi.

Na usidhani ukishaandika umemaliza, maana akta atateleza na dairekta ataipenda hiyo teki. Okrand alikuwa pale pale lokesheni, kosa likipita analifanya kuwa sheria, na kuna mahali tafsiri ya chini ilibadilishwa filamu ishapigwa ikabidi atafute maana mpya ya sauti zile zile. Kwa hiyo nenda lokesheni, rekodi kila mstari kwa sauti yako uwatumie maakta kwa WhatsApp mapema, wawe wanarudia hata wakiwa kwa boda.