Nguzo iko langoni, stima iko wapi? Dhana potofu kuhusu kuunganishiwa umeme

"Fundi, nguzo ile naiona kutoka kitandani. Mbona stima hainifikii?"

Aliyeniuliza ni mzee mmoja wa Luanda, kaunti ya Vihiga, na sikuwa na jibu la neno moja. Nimetia nyaya nyumba nyingi kati ya Luanda, Maseno na Kisumu, na karibu kila boma nililoingia nimekuta imani fulani kuhusu jinsi Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, inavyomkubali mteja au inavyomchelewesha. Nyingine hazimdhuru mtu. Nyingine zimemeza pesa za ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya stima. Na ipo moja, nitaifikia mwishoni, inayowaacha wajane gizani.

Nianze na ya mzee.

"Nguzo ikipita langoni, stima iko tayari"

Nguzo hubeba nyaya, lakini si kila waya unaoweza kuingizwa nyumbani. Zile nyaya tatu zilizo juu kabisa kando ya barabara mara nyingi zina volti 11,000 au 33,000. Balbu yako inataka 240. Kinachoteremsha nguvu hiyo ni transfoma, na maombi yako yanasimama au kuanguka kwa mambo mawili kuihusu: iko umbali gani, na imeshabeba watu wangapi.

Umeme ukienda mbali kwenye waya mwembamba huchoka njiani. Ndiyo sababu nyumba za mwisho wa laini huona balbu zikififia saa moja jioni, kila boma likiwasha kwa pamoja. Kwa hiyo ukituma maombi, mtu hutumwa kuja kupima umbali, kuhesabu nguzo zitakazohitajika na kuangalia kama transfoma iliyopo inaweza kukupokea. Watu wengi huiona ziara hiyo kama usumbufu, kumbe uamuzi wote unatokana nayo. Karatasi zinazofuata zinaandika tu kilichoonekana siku hiyo.

Mzee wangu alikuwa na laini ya volti 11,000 hatua hamsini kutoka mlangoni. Transfoma ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto.

"Ni elfu kumi na tano kwa kila mtu"

Bei hiyo ni ya Last Mile, mradi wa serikali wa kuunganishia kaya umeme, uliozinduliwa mwaka 2015. Kaya zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma zilizochaguliwa ziliunganishwa kwa shilingi 15,000, badala ya 35,000 hivi za awali, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Neno lililopotea njiani ni hilo "zilizochaguliwa". Kama transfoma yenu haimo katika awamu yoyote ya mradi, maombi yako yanapimwa peke yake na kotesheni, yaani hesabu ya gharama unayopewa, inafuata kazi iliyopo: nguzo ngapi, waya mita ngapi. Majirani wawili wanaweza kulipa bei tofauti na asiwepo aliyeibiwa.

"Fundi ni fundi"

Hapa naomba nivumiliwe, nitasema kwa ukali kidogo.

Sheria ya Kenya inataka nyaya za nyumba zitiwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, na yeye ndiye anayetia sahihi cheti cha kuonyesha kwamba kazi imekamilika na kupimwa. Nimesikia mara nyingi kwamba cheti hicho ni njia ya kutulisha sisi mafundi. Hapana. Mita ikishawashwa, hakuna atakayefungua dari yako kuangalia kilichofichwa humo. Sahihi ile ndiyo inayomfunga mtu kwa jina kwa usalama wa watoto wako.

Chukua ethi, ule waya unaoshuka ardhini. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kupita ili usipite mwilini mwa mtu. Lakini ardhi zetu si sawa. Kule Maragoli unapiga fimbo ya ethi unakutana na jiwe baada ya shubiri mbili, na fundi mvivu huipinda, akaifukia, akaondoka. Kule tambarare ya Kano, upande wa Kisumu, udongo ni mweusi. Masika unashika fimbo vizuri. Kiangazi unapasuka na kuiachia. Niliitwa nyumba moja karibu na Ahero ambako watoto walikuwa "wakipigwa" kila waliposhika sanduku la chuma la friji, lakini miezi ya Januari na Februari tu. Mama mwenye nyumba alidhani ni mambo ya kurogwa. Fimbo ilikuwa fupi na udongo umekauka kuizunguka. Tukaongeza fimbo ndefu mahali penye unyevu, yakaisha.

Wala usiichanganye ethi ya soketi na kinga ya radi. Kakamega na Kisii radi ni za kuogopwa, na fimbo hiyo peke yake haizizuii.

Muulize fundi leseni yake kabla ya kumpa shilingi ya kwanza. Orodha ya wenye leseni huwekwa wazi na EPRA, na leseni zina madaraja: aliyeruhusiwa nyumba ndogo hajaruhusiwa kiwanda.

"Ukitaja mashine, watakukatalia. Sema ni balbu tu"

Ushauri huu hupeanwa sokoni kama siri ya wajanja, na umeharibu mambo kuliko dhana zote nilizotaja. Mtu anajaza fomu kwamba ana vyumba vitatu na televisheni, kisha mita ikishakuja ananunua kinu cha kusaga unga.

Tupige hesabu. Mota ya nguvu-farasi 20, ambayo ni ya kawaida kwa kinu, hutaka karibu kilowati 15, hapo hujahesabu kinachopotea kwa joto. Ikiwashwa moja kwa moja, kwa muda mfupi huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Kijiji kizima kinaweza kuwa kinategemea transfoma moja ya kVA 50, yaani ya kubeba kilowati zisizozidi 50. Kinu kimoja ambacho hakikutajwa kinaweza kuidhoofisha jioni zote, na siku moja ikaungua, na zahanati ikalala gizani pamoja na mwenye kinu.

Ukitaja mashine, hukataliwi kwa kuitaja. Unapewa njia nyingine: umeme wa fezi tatu, volti 415, na pengine kotesheni yenye transfoma kubwa zaidi ndani yake. Ni ghali, ndiyo. Lakini mwenye kinu anayejua gharama hiyo mapema anaweza kuungana na mwenye kuchomelea vyuma na mwenye mashine ya mbao, wakaomba pamoja. Sioni kwa nini vyama vyetu vya kuchanga, ambavyo hujenga makanisa na kulipa karo, visilipie jambo kama hilo.

"Bila kitu kidogo faili haisogei"

Faili nyingi nilizoziona zimekwama zilikuwa na sababu iliyoandikwa: nakala ya kitambulisho haisomeki, PIN ya KRA, nambari ya mlipakodi, ni ya mtu mwingine, cheti cha nyaya hakijaletwa, ridhaa ya mwenye ploti haipo. Kabla ya kumtafuta mtu wa "kusukuma", uliza faili imesimama hatua gani kwa kupiga 97771 ya Kenya Power, na ubaki na nambari ya maombi yako. Malipo hufanywa kwa nambari iliyo kwenye kotesheni. Anayekuja bomani akitaka pesa mkononi, hata akivaa kofia ya kazini, mwache aende zake.

Na kama umeonewa kweli, kuna ngazi. Lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi. Usipojibiwa nenda EPRA. Juu yake kuna Mahakama Maalumu ya Nishati na Petroli, iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019.

"Jirani hawezi kuzuia maendeleo"

Anaweza kuchelewesha, na ana haki ya kuulizwa. Waya ukipita juu ya shamba lake, migomba na mikaratusi yake itakatwa, na asipoombwa ridhaa atakuwa na neno. Kamwone wewe mwenyewe mapema, pamoja na mzee wa mtaa, kabla wapimaji hawajafika. Nguzo na nyaya zikishasimama ni za kampuni hata kama ulizilipia, na mwingine anaweza kuunganishwa kutoka hapo.

"Sola na jenereta ni zangu, haviwahusu"

Ni zako mradi vinakaa mbali na laini. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi stima ikipotea hurudisha umeme nje, na transfoma ile ile inayoteremsha huweza kuupandisha tena hadi maelfu ya volti, huku fundi yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Weka swichi ya kugeuzia, inayoitenga nyumba na laini jenereta ikiwaka. Na kwa mwenye sola anayetaka kuiunganisha na gridi, Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu kuomba mpango wa kubadilishana umeme na kampuni hadi megawati 1, lakini ni lazima aombe.

"Mita ikiandikwa jina la mjane, shamba limekuwa lake"

Sasa hii. Mwanamume anafariki, ardhi bado iko kwa jina lake au la babake, mirathi haijafanywa. Mjane anataka stima. Shemeji zake wanakataa kutia sahihi ya ridhaa, kwa hofu kwamba mita itakuwa hatua ya kwanza ya kuwanyang'anya shamba. Nimeliona hili Vihiga, nimeliona Siaya.

Akaunti ya stima ni mkataba wa kununua umeme, si kitu kingine. Mpangaji wa Nyalenda au wa Rhonda kule Nakuru ana mita, na hamiliki hata tofali moja. Mwenye ardhi ni yule aliye kwenye rejista, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Na haki ya mjane kukaa na kutumia mali ya marehemu inatoka kwenye Sheria ya Urithi. Mita haimwongezei haki hiyo, na kumnyima mita hakumpunguzii.

Siku hizi nikifika boma lenye mgogoro huo huomba waniletee hati ya ardhi na risiti ya tokeni ya jirani, zile nambari za stima ya kulipia kabla, niziweke mezani bega kwa bega. Hati ina nambari ya ploti, ukubwa wa shamba na jina la mwenye nalo. Risiti ina nambari ya mita yenye tarakimu 11, tokeni ya tarakimu 20 na pesa zilizolipwa. Shemeji mmoja wa Emuhaya alizitazama zote mbili kwa muda mrefu, akazigeuza nyuma na mbele, kisha akauliza nguzo itachimbwa wapi.