Lakabu ya mashabiki si kila jina la pili

Katika banda moja la gemu mtaa wa Magomeni, Mtwara mjini, kuna kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani, juu ya televisheni, kikiwa kimeandikwa kwa marka nyeusi orodha ya wahusika ambao vijana hupenda kuwachagua. Orodha ina safu mbili. Ya kushoto imeandikwa "Jina" na ya kulia imeandikwa "Jina la utani". Mbele ya King limeandikwa Chui, mbele ya Heihachi limeandikwa Mzee Pembe, mbele ya Vega limeandikwa M. Bison, na mbele ya Carl Johnson limeandikwa CJ. Mpwa wangu, ambaye hushinda hapo hasa msimu wa korosho, fedha za mnada zinapokuwa zimeingia mifukoni mwa watu, alinionyesha safu ya kulia akaniambia kwa uhakika kamili: "Mjomba, haya yote wametunga mashabiki." Dai hilo nimelisikia Mtwara, nimelisikia Lindi, nimelisikia kwa watu wazima wanaozungumza juu ya gemu walizocheza utotoni, na kila mara linachanganya mambo matatu ambayo lugha yetu ina uwezo kamili wa kuyatenganisha.

Lakabu ya mashabiki ni jina ambalo wachezaji na wafuasi wa mfululizo fulani wa michezo ya video humpa mhusika kwa hiari yao, nje ya maandishi ya mchezo wenyewe na bila kuagizwa na kampuni iliyoutengeneza. Maana yenyewe inaishia hapo. Jina likisikika la ajabu, la kuchekesha au la mkato, hiyo haitoshi kulifanya kuwa la mashabiki. Linalotazamwa ni mdomo uliolitamka kwanza.

Nimechagua neno "lakabu" kwa makusudi, na inafaa nieleze lilikotoka. Ni neno la Kiarabu, laqab. Katika desturi ya Waarabu mtu alikuwa na jina alilopewa alipozaliwa, akawa na jina la kuitwa baba wa fulani, akawa na jina la ukoo wake na la mji wake, na juu ya hayo akaweza kuwa na laqab, yaani jina la sifa lililomganda kwa sababu ya tendo, cheo au umbo lake. Khalifa Harun wa Baghdad alijulikana kwa laqab ya ar-Rashid, mwongofu, na hiyo ni sifa ya utawala. Lakini mwandishi mkubwa wa Basra wa karne ya 9, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Amr bin Bahr, anajulikana hadi leo kama al-Jahiz, maana yake mwenye macho yaliyotokeza. Hilo hakujipa mwenyewe. Watu walimtazama usoni, wakasema walichokiona, na jina likashika kiasi kwamba leo anayetaja Amr bin Bahr hulazimika kueleza ni nani.

Neno hilohilo, kwa wingi wake alqab, limo katika Kurani, Sura ya 49, aya ya 11, ambapo waumini wanakatazwa kuitana kwa majina ya kudhalilishana. Aya hiyo inasomwa sana katika misikiti ya pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, na ninaitaja kwa sababu inatuonyesha jambo la kilugha pia: katazo linaelekezwa kwa wanaoita, kwa kuwa laqab ni jambo linalofanywa na watu wengine juu ya mtu. Ni kweli kwamba washairi wa Kiswahili wamezoea kujichagulia lakabu wenyewe na kuzitia katika beti za mwisho, lakini hata hao hulazimika kusubiri wasomaji wakubali kuwaita hivyo. Lakabu isiyoitwa na mtu haijawa lakabu bado. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza nchi kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, hakuapishwa kwa jina la Mzee Ruksa. Wananchi walilitoa katika neno lake mwenyewe, wakalitumia sokoni na kwenye mabasi, na likabaki.

Sasa "jina la utani". Sina ugomvi na watu wanaolitumia katika mazungumzo ya kawaida, na kamusi haziwakatazi, ila ninaona kwamba linapotumika kwa wahusika wa gemu linapoteza kitu muhimu. Utani kwetu ni uhusiano wenye pande mbili. Mtani wako anaweza kukuita jina baya mbele ya wakwe zako ukacheka, kwa sababu unajua kesho wewe utamwita baya zaidi naye hatakuwa na haki ya kukasirika. Watani wa makabila hufanya hivyo hata msibani, tena ni wajibu wao. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa sababu kila mmoja ana zamu ya kurudisha. Mhusika wa gemu hana zamu hiyo. King wa Tekken, gemu ya mapigano aliyomo pia Heihachi, hawezi kumgeukia kijana wa Magomeni na kumpachika jina. Anayeitwa Chui ananyamaza tu, akisubiri kubonyezwa.

Basi tuichukue safu ile ya kulia, jina moja baada ya jingine.

Chui na Mzee Pembe ni lakabu za mashabiki zisizo na shaka yoyote. King ni mpiga mieleka anayevaa kinyago cha jagwa, mnyama wa bara la Amerika mwenye madoa, na kijana wa huku, ambaye mnyama wa madoa anayemjua ni chui, alisema alichokiona. Heihachi ni mzee mwenye upara katikati na nywele zilizosimama pande zote mbili za kichwa kama pembe. Hakuna kampuni iliyowapa majina hayo, na inawezekana kabisa kwamba banda la mtaa wa pili wanawaita vingine. Yametoka machoni, kama lilivyotoka la al-Jahiz. Vivyo hivyo wachezaji wa Dark Souls, gemu iliyotoka mwaka 2011, walimtazama shujaa Siegmeyer wa Catarina, aliyevaa deraya ya mviringo yenye mistari ya kushuka kutoka utosini, wakamwita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kitunguu. Picha yake ukiiona, huhitaji kuelezwa.

M. Bison ndilo linaloniudhi, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II. Mwishoni mwa gemu hiyo mchezaji hukutana na wapinzani wakubwa wanne, na watatu kati yao wana kisa. Katika toleo la Japani, bondia Mmarekani aliitwa M. Bison, Mhispania mwenye kinyago na kucha za chuma mkononi aliitwa Balrog, na jemadari mwenye sare nyekundu na kofia aliitwa Vega. Yule bondia alifanana sana na Mike Tyson, kwa umbo na hata kwa mlio wa jina, na gemu ilipokuwa inaandaliwa kwenda Marekani pakawa na hofu ya kushitakiwa. Kampuni haikutunga jina jipya. Iliyazungusha yaleyale matatu: bondia akawa Balrog, Mhispania akawa Vega, na jemadari akawa M. Bison. Kwa hiyo Vega na M. Bison wa jemadari yote mawili ni majina rasmi, yametolewa na mwenye mali mwenyewe, kila moja kwa nchi zake. Hakuna shabiki aliyegusa chochote hapo.

Mashabiki waliingia baadaye, na walichokifanya ni cha kupendeza zaidi kuliko dai la mpwa wangu. Wachezaji wa Japani na wa Marekani walipokutana mashindanoni, mtu akisema "Vega" mwenzake alimfikiria mpiganaji mwingine kabisa. Wakaacha majina yote matatu wakaanza kusema, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya bondia, ukucha na dikteta. Maneno hayo matatu ndiyo lakabu za mashabiki. Hayana madoido yoyote, hayamchekeshi mtu, na pengine ndiyo maana watu huyapita bila kuyatambua, wakakimbilia jina la kigeni lenye nukta katikati wakidhani ndilo lililotungwa.

Ninachosema juu ya M. Bison kinawahusu wengine wengi. Katika mfululizo wa Sonic, ulioanza mwaka 1991, yule adui mnene mwenye masharubu aliitwa Eggman nchini Japani na Robotnik katika nchi za Magharibi. Kwa kuwa jina la kwanza linamfananisha na yai, watu huapa kwamba ni kejeli ya mashabiki, ilhali ndilo jina aliloanza nalo kwao. Na binti mfalme wa Super Mario, ambaye Japani amekuwa Peach tangu mwanzo, kwa Wamarekani alijulikana miaka mingi kama Princess Toadstool. Anayeanza kucheza Super Mario 64 ya mwaka 1996 hukutana na barua fupi ya kumkaribisha Mario kwenye ngome, ambako ameokewa keki. Chini ya barua limeandikwa Princess Toadstool, na chini yake, kama saini, Peach. Mwenye jina ametia mkono wake kwa majina yote mawili katika karatasi moja.

Wazee wa huku wangelielewa hili upesi. Katika desturi za Wamakonde, kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya na la utotoni likaachwa, na kumwita kwa lile la zamani ni kumvunjia heshima. Hakuna mtu Newala au Tandahimba atakayesema kwamba jina la jandoni ni jina la utani. Ni jina halali, kwa sababu aliyelitoa ana mamlaka ya kulitoa na limetolewa mahali pake. Peach badala ya Toadstool ni kama jina la jandoni. Chui wa banda la Magomeni ni kama jina analopewa mchezaji wa mpira na watazamaji waliokaa chini ya mkorosho.

CJ ni jambo la tatu. Katika GTA San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo sidhani kuna banda la gemu Tanzania lisiloijua, Carl Johnson huitwa CJ na ndugu zake, na marafiki zake, na maadui zake, ndani ya hadithi yenyewe. Rafiki yake Big Smoke naye jina lake la kuzaliwa ni Melvin Harris. Hizi ni lakabu kweli, tena ni lakabu nzuri, lakini waliozitoa ni wahusika wenzao, kwa kalamu ya waandishi wa gemu. Shabiki anayesema CJ anarudia alichosikia, hajatunga.

Kuna mahali mpaka wenyewe husogea, na sitaki kuuficha. Wachezaji wa Mortal Kombat ya mwaka 1992 waliona katika kurasa za ukaguzi wa mashine neno ERMACS, ambalo lilikuwa mkato wa kitaalamu wa kuhesabu makosa ya programu. Baadhi yao wakaamini kuwa kuna mpiganaji wa siri, ninja mwekundu, anayeitwa Ermac, wakamtafuta kwa bidii asipatikane. Mwaka 1995, katika Ultimate Mortal Kombat 3, kampuni ikamtengeneza, kwa jina hilohilo na kwa rangi hiyohiyo. Jina lililozaliwa na uvumi wa wachezaji likapokewa na mwenye mali, na tangu siku hiyo ni jina rasmi. Lakini katika mfululizo huohuo yupo Noob Saibot, ambaye kila anayelisikia jina lake huhisi limetungwa na watoto wakorofi wa mtaani, kumbe ni majina ya ukoo ya watengenezaji wawili, Ed Boon na John Tobias, yaliyoandikwa kinyume. Sikio linadanganya katika jambo hili.

Vijana wengine siku hizi wanakwepa swali lote kwa kuandika a.k.a. kati ya majina mawili. Herufi hizo hazina kosa, ila zinasema tu kwamba fulani anajulikana pia kwa jina lile. Hazisemi anajulikana na nani, wala ni nani aliyeanza.

Wiki iliyopita nilimwomba mwenye banda ruhusa, akanipa marka na kipande kingine cha boksi. Mpwa wangu aliandika, nami nikashika pembe. Safu zimekuwa nne: "Jina", "Jina la nchi nyingine", "Jina la ndani ya hadithi", na "Lakabu yetu". Vega amepata M. Bison katika safu ya pili, na katika ya nne vijana wameamua wenyewe kuandika Jemadari. CJ amehamia ya tatu. King na Heihachi hawakuhamishwa mbali: Chui na Mzee Pembe wako mwisho kulia, chini ya neno "yetu", ambapo kwa haki yote ndipo pao.